Godoro la Kuangukia

"Babu, usikasirike," alisema Ziad kutoka mlangoni, na Muhdhar akakasirika papo hapo. Katika miaka kumi na mitano mjukuu huyu hakuwahi kuanza kwa maneno hayo akamaliza kwa heri.

Muhdhar alikuwa ameketi sakafuni katika duka lake la magodoro, Kibokoni, shazia, ile sindano ndefu ya magodoro, mkononi, sufi imemganda ndevuni. "Haya, umempiga nani?"

"Sikumpiga mtu."

Nyuma ya Ziad alisimama mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni. Alikuwa Mwalimu Rispah, anayefundisha michezo katika shule ya Ziad kule Tononoka. Aliamkia kwa adabu, akaketi juu ya gunia la sufi bila kuonyeshwa, akaeleza haja yake. Muhula uliopita alianzisha chama cha mieleka. Sasa wamefika watoto ishirini, na wanaangushana mchangani, juu ya magunia. Wiki iliyopita mmoja aliteguka bega, na mwalimu mkuu, Bwana Morgan, akatoa amri: kufikia Jumamosi kuwe na kitu cha maana cha kuangukia, ama mieleka ifungwe.

"Turubai tunalo," alisema Mwalimu Rispah. "Na Ziad ametuambia babu yake ndiye fundi wa magodoro. Alisema utafurahi kutusaidia."

"Nitafurahi," Muhdhar alirudia, akimkazia macho Ziad, ambaye ghafla alipata cha kutazama dari.

Hakufurahi hata chembe. Huyu mtoto aliachiwa na bintiye, alipoolewa mara ya pili huko Lamu, na tangu siku hiyo mikono ya mtoto haikutulia. Shule ilimfukuza kwa muda mara mbili, na barua ya pili ilisema wazi kwamba ya tatu haitakuwa ya muda. Muhdhar alimchapa mshipi. Alimnywesha kombe la maalimu, maji ya aya zilizoandikwa sahanini. Alimnunia mwezi mzima, akaishia kuumwa kichwa yeye. Na kila alipopita barazani, wazee wenzake walikuwa na methali moja tu vinywani, kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kana kwamba wao walilea malaika. Leo amekuja mwalimu mzima kumwambia kwamba dawa ya mtoto mgomvi ni kumfunza kuangusha watu!

"Mwalimu, niwie radhi," alisema, "lakini huko si kumpa mwizi ufunguo?"

"Mzee, Ziad hajapigana na mtu kwa wiki tisa. Mieleka ina sheria. Wanapeana mikono, wanashikana, na filimbi ikilia unamwachilia mwenzako hata kama una hasira za kufa. Siku hizi hata hesabu anamaliza."

Wiki tisa. Muhdhar alihesabu kimoyomoyo, akaona ni kweli hajaitwa shuleni kwa muda huo. Alidhani wamechoka kumwita.

"Na mchezo ukifungwa?"

Mwalimu Rispah alimtazama Ziad, kisha akatazama filimbi yake. "Hapo ndipo ninapoogopa, mzee."

Basi maji akayavulia nguo. Ilikuwa Jumanne. Alianza kazi jioni ile ile, akaifanya kama alivyofunzwa na babake. Mji wa Kale wote ulimjua kwa godoro la arusi, lile ambalo jamaa za bibi arusi hulikandamiza kwa kiganja mbele ya watu, na mkono usipozama hadi kifundo hulirudisha kwa fundi na maneno ya kumtosha. Kwa hivyo hili nalo alilijaza sufi hadi likatuna. Hakuuliza mtu. Fundi wa miaka arubaini hamuulizi mwenye filimbi namna ya kujaza godoro.

Alhamisi, Gunga, hamali wa Marikiti, alilisukuma kwa mkokoteni hadi Tononoka, akilalamika njia nzima kwamba kitu chepesi namna hii hakina haja ya kuwa kikubwa namna hii. Watoto walilizunguka. Msichana mmoja alipanda, akazama hadi vifundoni, akapiga hatua mbili na kuanguka kifudifudi kabla hajaguswa na mtu.

Bwana Morgan alikohoa. "Mzee, hili ni la kulalia."

"Na godoro ni la nini?" aliuliza Muhdhar.

"Bibi arusi yuko wapi?" alipaza sauti kijana mmoja mrefu, Joab, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Muhdhar aliona masikio ya Ziad yakiwiva. Aliyajua masikio hayo. Ndiyo yaliyotangulia kila barua kutoka shuleni. Tumekwisha, alijiambia, na mkono wake ukaanza kutafuta mshipi kiunoni.

Ziad alimwendea Joab, akasimama mbele yake. Akamnyoshea mkono. Joab aliutazama, akaupokea, wakapanda wote wawili juu ya lile godoro na kushikana mabega. Walipepesuka, walizama, waliinuka. Kisha Ziad aliinama, akaingia chini ya kwapa la mwenzake, na Joab akalala chali. Filimbi ikalia. Ziad akamwachilia hapo hapo, akamvuta kwa mkono hadi akasimama.

"Yule ni babu yangu," alisema. Basi.

Joab akaja, sufi nyweleni, akaomba radhi.

Muhdhar alifurahi hata akataka kulia, na wakati huo huo aliona wivu, tena wivu mchungu. Mwanamke mwenye filimbi amefanya kwa wiki tisa alichoshindwa yeye kwa miaka. Kwa kuwa hakujua amkasirikie nani, aliwakasirikia wote.

"Mwataka gumu, kwani hamkusema mwataka gumu? Mna vinywa vya kuchekea tu?"

"Jumamosi, mzee," alisema Bwana Morgan.

Kilichofaa ni usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, lakini usumba mpya huvimba kama sufi. Wataka uliolaliwa miaka mingi hata ukashikana. La kwanza kupasuliwa lilikuwa godoro lake mwenyewe. Kisha Ijumaa asubuhi akazunguka Kibokoni, nyumba kwa nyumba, akiomba magodoro ya zamani ambayo watu waliyatupa darini walipohamia sponji. Hakuna aliyemnyima. Bali hakuna aliyempa kabla ya kumkalisha, kumnywesha kahawa na kumweleza namna bora ya kulea wajukuu.

Baada ya sala waliketi yeye na Ziad, godoro limesimamishwa kati yao, mmoja huku, mmoja kule. Muhdhar aliichoma shazia, Ziad akaivuta upande wake na kuirudisha. Mistari ilikaribiana, upana wa vidole viwili. Hawakuonana nyuso, na pengine ndiyo maana hawakugombana.

"Kaza," alisema Muhdhar.

"Nimekaza, babu."

"Kaza tena."

Jumamosi Bwana Morgan alitaka kulikanyaga, Muhdhar akamwambia avue viatu kwanza. Alitembea juu yake huku na huku, akakuna kidevu.

"Gumu kiasi chake," alikiri. "Lakini mtoto akianguka je? Bega jingine likiteguka, wazazi watanijia mimi. Pengine tumngoje mtu aje alipime."

"Lini?" aliuliza Mwalimu Rispah.

"Muhula ujao, hivi."

Hapo subira ya Muhdhar ilikatika. Alivua makubadhi, akavua kofia na kuiweka juu ya makubadhi hayo, akakaza kikoi na kupanda hadi katikati.

"Ziad! Ndoo hapa uniangushe."

"Mzee, tafadhali," alianza Mwalimu Rispah.

"Sisemi na wewe, Mwalimu. Nasema na mjukuu wangu."

"Siwezi, babu."

"Tangu Jumanne wanipasua kitwa kwa mieleka, leo huwezi? Niangushe kama uwaangushavyo wenzako. Hasa!"

Ziad alivua viatu, akaja. Walipeana mikono kama sheria inavyotaka. Mkono wa kijana ukamzunguka kiunoni, na Muhdhar akakumbuka, kwa kuchelewa, kwamba ana miaka sitini na saba. Mara ngapi amemshika mtoto huyu kwa sikio, kwa ukosi, kwa mkono wa shati! Kushikwa naye, hakukumbuka lini.

Miguu yake ikaondoka chini. Aliona mbingu, na kunguru mmoja, akafumba macho na kupiga bismillahi. Usumba ulimpokea mgongo kwa kishindo kizito. Akakaza shingo, akangoja zamu ya kichwa.

Kichwa hakikufika. Alipofumbua macho, uso wa Ziad ulikuwa juu yake, unahema, na chini ya kisogo cha Muhdhar kulikuwa na kiganja cha mjukuu kilichokunjuliwa chote. Filimbi ililia. Kiganja hakikuondoka.