Alama ya Una

Baba yangu, Festy, amevua kambamti, wale kamba wakubwa wenye magando, katika ghuba yetu ya Kilbarra, magharibi ya Ayalandi, kwa miaka hamsini, na hajawahi kuamini kwamba darasa linaweza kumfundisha mtu bahari. Nilipoanza masomo ya sayansi ya bahari nikiwa na miaka arobaini na mmoja, alinibandika jina.

"Daktari wa Magando," huniuliza kila asubuhi akikoroga chai, "wagonjwa wako wameamkaje?"

Tukimpata kamba jike mwenye mayai, tunakata pengo dogo la pembetatu kwenye pezi la mkia wake na kumrudisha majini. Akiwa na alama hiyo, hakuna mvuvi anayeruhusiwa kumchukua, hata mayai yakishaanguliwa. Mama yangu, Una, ndiye aliyeileta kazi hiyo kwenye mashua yetu. Alitumia mkono wa kushoto, na alama zake zote zilikaa mshazari. Tulimcheka mpaka akanuna. Alifariki miaka minne iliyopita, nami nikalirithi koleo lake la kukatia alama. Baba hakutaka hata kuligusa. Ila kila jike alimgeuza mkia kabla ya kunipa, nami nilichukia, nikidhani ananikagua.

Jumamosi moja mwalimu wangu, Ailbhe, alikuwa aje saa nne kupima kamba wetu. Nikatangulia gatini kufungua sanduku linaloelea, tunamowaweka mpaka mnunuzi aje. Chini kabisa alikuwamo jike mkubwa, tumbo limejaa mayai meusi, na mkiani ana alama.

Nilipandwa na hasira.

"Baba! Huyu anafanya nini humu?"

"Anakaa."

"Usinifanyie mzaha! Utanyang'anywa leseni. Na mimi nitamtazamaje Ailbhe usoni?"

"Mwangalie vizuri kwanza, we msomi."

Nikamgeuza. Alama ilikuwa imeanza kuziba, imebaki ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ilikaa mshazari.

Nikaketi palepale kwenye mawe yenye maji.

"Nilimpata Jumanne, ulipokuwa darasani," Baba alisema. "Miaka minne natafuta. Nikashindwa kumwachia, Sabina. Nakuja kumtazama tu."

Nilitamani kumwambia abaki naye. Lakini nilichojifunza hakikuniruhusu.

"Baba, humu wanabanana. Mayai yatapukutika yote."

"Nitamtengea sanduku lake."

"Na baadaye atajivua gamba. Gamba jipya likija, hiyo alama huenda isionekane tena. Umweke hapa, umwachie, ni yaleyale."

"Kwa hiyo nampoteza tu."

"Alama ndiyo itapotea," nilisema, na roho iliniuma. "Ikipotea, mtu yeyote atambeba sokoni. Lakini inaweza kukatwa upya, palepale."

Tulikuwa bado tumekaa hivyo Ailbhe alipofika na rula yake na karatasi zake. Nilifungua mdomo nianze kueleza, Baba akanikata kauli.

"Huyu ana alama, na nimemweka humu siku nne," alimwambia. "Binti yangu hakujua. Kosa ni langu. Andika."

Ailbhe alimtazama, akanitazama mimi, kisha akaandika. Baba akaninyooshea mkono.

"Nipe hilo koleo."

Akalipokea kwa mkono wa kulia, ule anaofanyia kila kitu, akalihamishia wa kushoto. Alihangaika nalo kama mtoto anayejifunza kushika kijiko. Mwishowe likabana mkia, palepale penye alama ya zamani.

"Mzee Festy," Ailbhe alisema kwa upole, "inatakiwa ikae wima. Hiyo umeipindisha."

"Kwenye mashua yetu," Baba alijibu, "hivyo ndivyo inavyokatwa."

Akapiga magoti, akamshusha yule jike majini kwa mikono miwili, akamwachia.