Jiwe la Wanyoike

Tangu saa moja asubuhi Waruguru alikuwa amekaa juu ya tofali, pale Ruiru wanapotahiniwa madereva, na sasa saa saba ilikuwa imepita. Watu arobaini, gari moja, mtahini hayupo. Kila aliyeuliza alijibiwa, "Yuko njiani."

"Njia gani hiyo isiyo na mwisho?" alimuuliza Nzioki, mwalimu wake wa udereva.

"Mama, wewe kumbuka alama zako. Ukikasirika utakanyaga klachi ukidhani ni breki."

Hasira alikuwa nayo tayari. Mumewe, Wanyoike, alizikwa mwezi wa tatu, akaacha pikapu ya kubebea mboga kutoka Theta hadi soko la Juja. Maua ya kaburini hayajakauka, shemeji yake Bedan akaja na neno: "Shemeji, gari bila dereva ni banda la kuku. Upite mtihani Alhamisi, libaki. Ukianguka, Jumamosi naleta mnunuzi."

Mtahini alifika saa nane, akipangusa mdomo. Kwenye bodi, ule ubao uliochorwa barabara, Waruguru alisukuma kigari cha kuchezea, akazunguka raundabauti bila kosa, akataja alama zote. Mtahini hata hakuinua macho. "Ingia garini."

Akaendesha vizuri. Gia ya pili, ya tatu, akampisha mtu wa mkokoteni. Kwenye mlima mtahini akasema, "Simama. Halafu uondoke bila kurudi nyuma."

Waruguru akasimama, akaiacha gari kwenye gia ya kwanza, akazima injini, akafungua mlango.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kutafuta jiwe, mkubwa."

"Jiwe la nini?"

"La kuweka nyuma ya gurudumu."

Wanafunzi wawili waliokuwa kiti cha nyuma walicheka mpaka wakashika mbavu. Handibreki, ile breki ya mkono, ilikuwa pale pale karibu na goti lake. Mtahini akapiga mstari kwenye karatasi. "Rudi mwezi ujao."

Handibreki ya pikapu ilikatika miaka sita iliyopita. Kila aliposimama, Wanyoike alishuka, akaweka jiwe jeusi nyuma ya gurudumu, akalipiga teke mara mbili. Ndivyo alivyomfundisha mkewe, naye akadhani ndivyo gari husimamishwa mlimani.

"Miaka sita, Baba Emmah!" alimgombeza marehemu njia nzima ya kurudi nyumbani. "Waya mmoja tu!"

Jumamosi Bedan alifika na mnunuzi kutoka Makongeni. Akapokea ufunguo, akaizunguka pikapu pale mteremkoni ilipoegeshwa kama anayechagua ng'ombe. Alipoliona lile jiwe nyuma ya gurudumu akalipiga teke likabiringika migombani. "Uchafu gani huu?"

Waruguru alifungua mdomo. Akatazama nyuma ya gari: hapakuwa na mtu, ila rundo la samadi. Akaufunga.

Bedan akaingiza mkono dirishani, akatoa gia kabla ya kuiwasha. Pikapu ikaguna, ikaanza kuteremka polepole, naye akaikimbilia ameshika mlango, "Haiya! Haiya!", mpaka ikazama kwenye samadi, na yeye pamoja nayo.

"Gari haina breki na unaniuzia?" mnunuzi aliuliza. "Ningefia wapi mimi?" Akaondoka bila hata kuaga.

"Kwa nini hukuniambia?" Bedan alifoka, samadi magotini.

"Hukuniuliza, shemeji. Mwezi ujao narudi Ruiru. Ufunguo."

Akaupokea. Kisha akaingia migombani, akainama, akapekua majani makavu hadi akaliona jiwe. Akalipangusa kwa leso, akaliweka nyuma ya gurudumu, akalipiga teke mara mbili.