Shule ya Ardhini

Hasira zangu ziko karibu, na sifichi. Wiki ile ya mwaka hamsini na tisa, wapima ardhi wa Serikali walichomeka vigingi katikati ya muhogo wetu, huku Kipalapala, bila hata hodi. Niling'oa vyote. Askari wakanicharaza viboko hadharani, nikarudi nyumbani nimevimba mgongo.

Mlangoni nikamsikia mdogo wangu Wenceslaus, aliyekuwa akitia mafuta ndege kwenye uwanja wa Tabora, akimwambia mama, "Shule mbili za ardhini zimenikubali. Moja iko Nairobi, nyingine Uingereza, inafundisha kwa posta. Sijui nichague ipi."

Sikio langu lilishika "ardhi" tu. Nikachukua mpini wa jembe nikaingia.

"Wamekununua, siyo? Uje utupimie mashamba!"

Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili mdomoni, meno mawili yakaruka. Mama alining'ang'ania mkono, nikamsukuma akaanguka. La tatu likamwingia jicho la kushoto. Nilisikia kitu kikipasuka na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Ni shule ya urubani, we mwendawazimu!" mama alilia akiwa sakafuni. "Wanasoma kwanza chini, darasani, ndipo wapande ndege!"

Nilimpakia Wenceslaus kwenye baiskeli hadi hospitali ya mjini, damu yake ikinichirizika mgongoni, juu ya viboko vyangu.

Siku ya tisa alikuwa bado amefungwa macho yote. Daktari alitaka hata lile zima lipumzike. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, naye alijua.

"Kaka Kasimiri, nisomee zile barua nichague," akasema. "Wanataka jibu mwisho wa mwezi."

Nikaanza na ya Nairobi. Nikasoma masomo ya hali ya hewa, ya ramani, ya injini. Nikafika kwenye masharti, ulimi ukagoma. Nikasoma sharti la umri.

"Umeruka mstari, kaka."

"Sijaruka."

"Soma."

Nikasoma: mwombaji awe na macho yote mawili mazima. Nilikuwa nalia, wala sikujali wagonjwa wanaotutazama.



"Basi soma ya Uingereza," akasema. "Labda wao wanachukua mtu wa jicho moja."

Nikaifungua. Sharti lilikuwa lilelile, nalo lilikuwa la kwanza.