Miaka Minane ya Papa Paluku

Nilianza kuchora kwenye kuta za saluni kule Keshero, vichwa vya vijana walionyolewa vizuri. Hakuna aliyenifundisha, nilikuwa naangalia tu watu. Siku hizi nachora sura kwenye turubai, na macho nayaweka mwisho.

Mama Masika aliniletea picha ya bwana yake, Papa Paluku, aliyepotea kwenye njia ya kwenda Kiwanja miaka minane iliyopita.

"Umuchore vile alivyo leo," akasema. "Akirudi, watoto wamujue."

Leo yuko vipi? Nilipiga mistari ya mraba juu ya fotokopi ya picha, nikaikuza mraba kwa mraba kwenye turubai. Uzee nikaukopa kwa mudogo wa Papa Paluku, Muhindo, aliyekuja kukaa mbele yangu siku tatu.

"Unizeeshe polepole, binti," akacheka. "Mimi bado natafuta bibi wa kuoa."

Nikaweka mvi, nikashusha mashavu.

Mama Masika alirudi na mutoto wake wa mwisho, ana miaka tisa. Mutoto akaangalia.

"Dada, mbona umechora papa mudogo Muhindo?"

Mama akasogea karibu na turubai. Halafu akasema, "Toa mvi. Pandisha mashavu."

Nikafuta rangi kwa mafuta ya taa, nikachora upya. Akatokea Papa Paluku wa zamani, kijana kuliko Mama mwenyewe. Mama akajishika shavu.

"Hapana. Huyu hatanijua mimi. Rudisha mvi."

Nimezirudisha. Yamebaki macho. Nimeshika burashi tangu asubuhi, na sijui niyakope kwa nani, kwa kijana wa kwenye picha au kwa Muhindo.