Bibi Kwenye Kioo

Kwa miaka thelathini na moja Verlyn hakuniruhusu hata siku moja kuliendesha lile gari-nyumba letu. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma. Kila Septemba tulifika kwenye kambi ya magari-nyumba kando ya ziwa, yeye anarudi kinyumenyume kuingia nafasi namba kumi na nne, mimi namwongoza kwa mikono, na sheria ni moja: usiponiona kwenye kioo, simama.

Safari hii nilikuwa nimemwahidi binti yetu Kristin kwamba baba yake akishindwa kuliegesha, nachukua funguo na gari linauzwa. Tangu theluji iyeyuke, akili ya Verlyn ilikuwa inakuja na kuondoka. Nilikubali shingo upande. Bila gari lile, sikujua angebaki na nini.

Tulifika na manyunyu. Majirani wakatoa viti vyao vya kukunja, bia mkononi, kwa sababu kumtazama mwenzio akiegesha ndiyo sinema yetu huku.

"Verlyn!" Duane wa namba kumi na tano akapiga kelele. "Mwaka huu utuachie meza yetu nzima, usiigonge tena!"

"Wewe tafuna soseji zako, unyamaze!"

Wakacheka. Nami nikacheka, moyo ukatulia kidogo. Nikasimama mahali pangu na koti langu la rangi ya machungwa. Akarudi polepole, amenyooka kabisa. Katikati ya njia akasimama.

Nikampungia aje. Wapi! Nikapunga kwa mikono miwili, hasira zimenipanda, maana Duane alikuwa ameacha kucheka. Nikaenda mpaka dirishani.

"Mbona umesimama? Si ulikuwa unakwenda vizuri?"

Akanitazama kwa adabu ambayo hajawahi kunionyesha tangu tuoane.

"Samahani, mama. Namsubiri mke wangu, Arlene. Simwoni kwenye kioo."

"Huoni mtu kabisa?"

"Yuko bibi mmoja tu, anapungapunga mikono. Lakini Arlene kanikataza. Nisipomwona yeye, nisimame."

Nilitamani kumzaba kofi. Nilitamani kumkumbatia.

"Arlene ndiye kanituma," nikasema. "Kasema uniachie usukani, na funguo nikae nazo mimi."

Akafikiri, akahamia kiti cha pili, akafunga mkanda.

"Haya," akaninong'oneza. "Ila uangalie ile meza, mama. Mke wangu ni mkali, ukiigonga leo hatulali."