Skripti ya Pyo

“Hakuna faili wala folda ya jina hilo.” Kioo cha kompyuta kilimjibu Ok Miran, mtunza video za familia zilizotenganishwa na vita, maneno yaleyale kwa mara ya tatu tangu asubuhi, makavu kama ngisi walioanikwa vichochoroni mwa Sokcho, mji wa pwani wa Korea Kusini.

Nyuma yake mzee Tak, mwenye miaka tisini na mmoja, alisubiri, kofia mapajani. Miaka kumi na miwili iliyopita yeye na mkewe walirekodi ujumbe wa video kwa dada yake mzee, aliyebaki Korea Kaskazini tangu vita. Ujumbe haukuvuka mpaka. Sasa mkewe alikuwa kaburini, na mzee hakutaka lolote ila kumsikia tena.

“Bado, binti?”

“Bado kidogo, babu.”

Hiyo bado kidogo ilikuwa na wiki nne. Video zote zilikuwa zimehamishiwa kwenye seva mpya ya Linux zikiwa zimefungwa kwa msimbo wa siri, na skripti, faili ya amri za kuzifungua, haikuonekana. Miran alidhani kinachopungua ni programu ya kuiendesha tu. Hazina ya mtandaoni programu hiyo ilikopatikana zamani ilikwisha kufungwa. Akaihangaikia kwingine, akaisakinisha, na asubuhi hiyo ikakubali. Moyo ukamruka. Kisha kioo kikarudia neno lake.

Akampigia Pyo, fundi aliyestaafu.

“Ile skripti? Ilikuwa kwenye akaunti yangu,” Pyo alisema. “Na ufunguo wa siri niliuandika humohumo. Uvivu, dada yangu. Nakala sina.”

Miran akakata simu. Akaunti ya Pyo aliifuta yeye mwenyewe majira ya kuchipua, kwa amri ya mstari mmoja, akiisafisha seva kuukuu kabla haijapelekwa kusagwa. Siku ile alijisifia wepesi wake.

Angeweza kusema, njoo Alhamisi. Ulimi ulikwisha kuzoea. Akageuza kiti.

“Babu, haitafunguka. Ufunguo niliufuta mimi. Sikujua, lakini ni mimi.”

Mzee akaigeuza kofia mapajani.

“Mwishoni mwa ujumbe mke wangu alicheka,” akasema. “Kicheko nakikumbuka. Alichokicheka ndicho kimenitoka. Nilitegemea wewe unikumbushe.”

“Nisamehe, babu.”

“Lakini yumo humu?”

“Yumo. Yumo mzima. Kumtoa ndiko hatuwezi.”

Mzee akanyanyuka kwa taabu, akaweka kiganja juu ya mashine.

“Ina joto,” akasema.

Ni umeme tu, Miran alitaka kumwambia. Akamsogezea kiti. Mzee akakaa, mkono ukiwa palepale.