Kiti Chekundu cha Earline

Earline Pettaway alikuwa na mgongo mbovu na gari hana, lakini Ijumaa ile asubuhi alitoka na beleshi akachimba theluji mbele ya nyumba yake mpaka lami ikaonekana. Sasa mtu asiye na gari anachimba nafasi ya kuegesha ili iweje? Alikuwa anamchimbia kaka yake. Lucius alikuwa njiani kutoka Alabama, na Earline hakutaka afike Boston apate hata sababu moja ya kugeuza gari.

Alipomaliza akachukua kiti chekundu cha jikoni, akakiweka katikati ya ile nafasi. Ndiyo sheria ya mtaa, ingawa hakuna aliyeiandika: ukivunja mgongo kuchimba, nafasi ni yako, weka kiti uende zako kwa amani. Anayehamisha kiti cha mtu akaegesha yeye, yatakayomkuta asimlaumu mtu. Wapo walioamka wakakuta matairi hayana upepo.

Kwa miezi mingi alikuwa akimbembeleza Lucius kwenye simu. Tangu mumewe Clifton afariki, nyumba ilibaki na mngurumo wa friji tu, na Lucius naye alikuwa mjane huko aliko. "Njoo tuzeeke pamoja," alimwambia. Lucius alikuwa na jibu moja: "Boston? Boston ile ile?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Alikuwa mtoto wa shule mwaka ule mahakama ilipoamuru watoto weusi na weupe wa Boston wachanganywe mashuleni, na basi lao likapigwa mawe na watu wazima, baba za watu na mama za watu. Kipande cha kioo kilimpasua juu ya jicho. Mama yao akampeleka kwa shangazi Alabama, akakulia huko. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Hayo ya zamani, kaka. Mji umebadilika," Earline alikuwa akimwambia. "Jirani yangu huyu Mzungu, Bwana Feeney, mkewe alipougua mimi ndiye niliyempikia supu mpaka siku ya mwisho. Clifton alipofariki, yeye alibeba jeneza."

"Mh," alijibu Lucius. Hiyo "mh" yake ilimchosha Earline kuliko matusi.

Basi Lucius akafika jioni, theluji imeanza kuanguka upya. Alikuwa ameambiwa atafute kiti. Akakiona kiti, akakiweka pembeni, akaegesha, akagonga mlango na mfuko wa karanga za kuchemsha mkononi. Walikula kuku wa kukaanga na pai ya viazi vitamu, wakamkumbuka mama yao alivyokuwa akiimba kanisani bila sauti ya kuimbia, wakacheka mpaka Earline akashika mbavu.

"Ukinipikia hivi kila siku, nahamia kesho," Lucius alisema.

"Hamia. Nani kakushika mguu?"

"Taratibu, dada. Nipe wiki moja niusome mji."

Wiki moja! Earline alikwenda kulala akiwa na furaha, na usingizi ukaja wenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu msiba.

Kulipokucha, gari la Lucius lilikuwa donge la barafu. Mtu alikuwa amelimwagia maji ndoo baada ya ndoo, na baridi ikamalizia kazi. Milango haifunguki, vioo havionekani. Earline alitupa jicho mbele kidogo akaelewa yote. Kiti chekundu kilikuwa pale pale alipokiweka, kimefunikwa na theluji. Lucius alikuwa amehamisha kiti cha plastiki, cha Bwana Feeney.

"Ole wangu! Kaka, umeegesha kwa watu! Si nilikwambia chekundu?"

"Theluji imekifunika chote, wekundu ningeuonea wapi?" Lucius alilizunguka gari lake polepole, mikono mifukoni. "Haya, nawe mwenyeji nieleze. Hii ni rangi yangu, au ni kiti?"

"Ni kiti," Earline alijibu haraka mno. "Haki ya Mungu ni kiti tu. Hapa hata askofu angemwagiwa."

Alisema hivyo huku moyo wake unamsuta. Jumanne ya wiki ile ile, kijana mmoja wa Kizungu, mpangaji mpya pale kwenye kona, alikuwa amehamisha kiti hicho hicho cha plastiki. Earline aliona yote dirishani. Bwana Feeney alitoka akafoka kidogo, akamweleza desturi, wakaishia kucheka, na beleshi akamwazima.

Hii ndiyo kazi iliyomchosha Earline maisha yake yote, kazi isiyo na mshahara wala likizo: kupima. Mlinzi anayekufuata dukani, ni rangi yako au ndiyo kazi yake? Nesi anayekuita wa mwisho, ni rangi au ni foleni? Ukisema ni rangi, unaambiwa unaona mashetani yasiyokuwepo. Ukisema siyo, unajiona mpumbavu. Earline alikuwa ameamua zamani kusema siyo, ili apate kulala.

Bwana Feeney akatoka kwake, akawaona wamesimama pamoja, akapigwa na butwaa.

"Earline, usiniambie ni mgeni wako!"

"Ni kaka yangu, Bwana Feeney. Tumbo moja."

"Mungu wangu!" Uso ulimwiva kwa aibu. Akakimbilia ndani, akarudi na mfuko wa chumvi ya kuyeyushia barafu na vikwaruzo viwili. "Nisamehe, jirani. Ningejua ni wako, nisingemwaga hata tone. Nilimwona jana akishuka garini, nikadhani ni mmoja wa wale."

Mgeni ni kuku mweupe, walisema wahenga, lakini wahenga hawakufika Dorchester, kitongoji hiki cha Boston.

"Wale kina nani?" Lucius aliuliza, kwa upole kabisa.

"Wale... watu wa nje. Wapita njia. Siyo kama dada yako. Earline ni wa kwetu huyu!"

"Na yule kijana wa kona?" Earline aliuliza. "Alihamisha kiti hiki hiki Jumanne. Yeye ni wa kwetu?"

"Yule mtoto tu, Earline. Kahamia juzi, desturi hazijui."

"Huyu kazaliwa hapa, Bwana Feeney."

Feeney alimtazama kama mtu anayesubiri mwisho wa sentensi. Kisha akainama, akaanza kukwaruza barafu kwa bidii, anahema, anaomba radhi tena. Alikuwa anajuta kweli, na hilo ndilo lililomuuma Earline. Laiti angekuwa mtu mbaya! Mtu mbaya unamfungia mlango ukapumzika.

Lucius naye alichukua kikwaruzo cha pili. Wazee wawili wakafanya kazi bega kwa bega, wakizungumza habari za betri na baridi. Gari lilipowaka, Lucius aliingia ndani akatoka na begi lake.

"Ulisema wiki moja," Earline alisema.

"Sijakasirika, dada. Nimechoka tu. Kule kwetu anayenichukia namjua, na nyumba yake naijua. Hapa nitakuwa naamka kila asubuhi nakisia, na nguvu hizo sina tena. Funga nyumba, twende wote."

"Clifton kazikwa hapa. Niende nimwache na nani?"

"Najua." Akamkumbatia kwa muda mrefu, akamwachia karanga zilizobaki.

Gari likaondoka. Bwana Feeney akarudisha kiti chake cha plastiki mahali pake. Kisha, kwa wema wake wote, akasogea mbele akakipangusa theluji kiti chekundu, akakiweka sawa.

"Usiwe na wasiwasi," alimwambia Earline. "Nafasi yako iko salama. Mtaa mzima unakijua kiti hiki, hakuna atakayekigusa."

"Gerald," Earline alisema. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwita kwa jina lake. "Unajua mimi sina gari."

"Ndiyo, lakini wageni wako wakija—"

"Si ndiye huyo anakata kona."

Akakiinua kiti, mgongo ukilalamika. Feeney akanyoosha mikono amsaidie, Earline akatikisa kichwa. Akakibeba mwenyewe mpaka jikoni, akakirudisha mezani, mbele ya sahani ya Lucius ambayo ilikuwa bado haijaoshwa.